Vivuli Viwili Katika Picha ya Mama

Baba yangu, huko uliko,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, na ugomvi nilio nao na wewe hauondoi adabu.

Chuoni tunasoma namna ya kuzihoji picha na filamu: nani kapiga, mwanga umetoka wapi, nini kimeachwa nje. Mwalimu alitaka kila mmoja alete picha anayoipenda. Nikapeleka ile ya Mama amenipakata nikiwa mchanga, uliyoitundika sebuleni kwetu Chemchem. Ulizoea kuniambia, "Alikushika siku moja tu, lakini alikushika." Nami nimeishi na hiyo siku moja.

Lakini darasani niliitilia shaka, na shaka hii uliipanda mwenyewe. Wakulima wa Urambo wakishauza tumbaku walikuja kwenye studio yako ya picha na kipicha cha pasipoti cha marehemu. "Fundi, tuunganishie na mzee, naye awemo." Ukakata, ukabandika, ukapiga upya, wakarudi kwao na familia kamili. Wakishaondoka ukaninong'oneza, "Usitazame sura, mwanangu. Tazama kivuli."

Basi nimetazama. Pua ya Mama imetupa kivuli kushoto. Yangu imetupa kulia.

Tangu hapo sikuamini kitu. Hata picha ya harusi yenu niliipekua kama askari. Likizo ilipofika nikapanda treni mpaka Bukene kumbana shangazi, dada yako. Akaendelea kuchambua karanga kama hajanisikia.

"Picha ya watu imekukosea nini? Iache."

"Shangazi, Mama alinishika au hakunishika?"

Alichambua nyingine kadhaa ndipo akasema, "Alikata roho wewe hujakatwa kitovu."

Kumbe ulinidanganya, Baba. Siku ile nilikuchukia, sitaficha. Uliwauzia watu uongo wakijua ni uongo, mimi ukanipa wangu bila kuniambia.

Lakini kuna mtu alinipakata pale pichani, amejifunga kanga ya Mama. Nikaitoa picha kwenye mkoba, nikaisogeza dirishani. Kwenye mkono ulionishika, kucha ya kidole gumba ni nyeusi. Naijua kucha hiyo yako, iliharibiwa na dawa ya kusafishia picha na haikutakata hata siku ya Idi.

"Mimi nilibonyeza kamera tu," shangazi akasema. "Yeye ndiye aliyejifunga kanga ya marehemu, akakaa, akakupakata. Sura ya mama yako akaibandika baadaye."

Bado nakushuku. Sijui ni mangapi mengine uliyoniunganishia, na nitayatafuta, maana macho haya ulinipa wewe. Ila jana nilikumbuka jambo. Utotoni, kabla ya kulala, niliubusu ule mkono kwenye kioo cha fremu na kusema, "Lala salama, Mama." Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unanitazama.

Lala salama, Baba.

Binti yako