Koma Mbili za Ong'ang'o

Nakuru, Jumamosi jioni, Mei 1956

Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha saa tatu, na upepo wa ziwani umerudi na ile harufu yake ya magadi. Siku kama hii rangi haikauki. Nimeshindwa kula. Mezani kuna njugu za kukaanga zimefungwa kwenye gazeti, na kando yake shilingi moja iliyochafuka rangi nyeupe. Sijagusa njugu, na shilingi sijui niiweke wapi.

Wacha niandike haraka kabla sijaanza kujitetea. Kujitetea ninakujua sana.

Kazi yangu ni kuandika vibao. Maduka, milango ya malori, "Mbwa Kali", "Hakuna Kazi", yote ni mkono wangu. Bei ni sumni, nusu shilingi, kwa herufi. Fundi wa Kihindi aliyenifunza, Mungu amrehemu, aliniachia brashi tatu na sheria moja: brashi ikigusa ubao, inalipwa. Herufi ni sumni. Nukta ni sumni. Koma pia ni sumni.

Sheria hiyo imenilisha. Wazungu wenye mashamba kule Subukia wanapenda kufupisha majina yao, na kila herufi ya kufupisha ina nukta yake. Kuna bwana mmoja huko mwenye herufi nne mbele ya jina la ukoo. Nilimwandikia kibao cha geti, nikaondoka na shilingi mbili za nukta peke yake, na nikacheka njia nzima mpaka pale Bahati, karibu na mjini. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mtu mwenye geti, ni sheria nzuri.

Jumapili iliyopita alikuja Mama Awuor, kutoka landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mumewe alikuwa akiunganisha mabehewa pale stesheni. Aliugua kifua wiki mbili, akafa, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumfikisha kwao Nyanza, akazikwa hapa hapa mjini. Kwa Mjaluo hilo ni jambo zito, kulala katika udongo wa ugenini. Mama alikuwa amebeba msalaba begani, mbao nzuri ya podo iliyopigwa randa, na shilingi tatu kwenye pindo la leso. Alitaka jina: Yohana Ong'ang'o.

Alikuwa amesikia bei yangu, akaja na hesabu yake tayari. Hajui kusoma, basi alikuwa amehesabu kwa mdomo na vidole. Yo-ha-na, vidole vitatu. O-ng'a-ng'o, vingine vitatu. Sita mara sumni, shilingi tatu.

Nilicheka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, nilicheka.

Kisha nikamfundisha kama mwalimu wa darasa la kwanza. Yohana ni herufi sita. Ong'ang'o ni herufi saba, na koma za juu mbili, jumla alama kumi na tano. Shilingi saba na sumni. Akautazama msalaba, akasema, "Lakini jina ya bwana yangu ni fupi, fundi. Mimi naiita na pumzi moja."

Ningeweza kuishia hapo na kuchukua zile tatu. Rangi ya jina lote haifiki hata nusu shilingi, mimi ndiye najua. Lakini nilikuwa na ulimi wa biashara siku hiyo. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi. Akafikiri, akasema basi tuache Yohana. "Hiyo Mungu anaijua mwenyewe. Hii ingine ndiyo watu wa nyumbani watatafuta."

Zikabaki alama tisa. Shilingi nne na sumni, na yeye ana tatu.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Niliziondoa koma zote mbili kichwani mwangu, kimya kimya, zikabaki herufi saba. Shilingi tatu na sumni. Ile sumni ya mwisho nikamsamehe kwa sauti, nikijiona mkarimu. Nikaandika ONGANGO, herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi, zimenyooka, kazi safi kabisa.

Akauliza, "Imeingia yote?"

Nikasema, "Yote, mama."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Alidhani nimempunguzia bei. Nilikuwa nimempunguzia mume.

Mimi si mjinga wa jambo hili. Kule misheni Maragoli, mwalimu wangu alikuwa akitupiga kiboko tukiandika ng'ombe bila koma. Alikuwa akisema, huyo uliyemwandika halii na hatoi maziwa. Mkono huu uliwahi kuvimba kwa ajili ya koma moja, na mkono huu huu ndio ulioziacha mbili.

Wiki nzima nilijiambia hakuna atakayejua. Leo saa nne asubuhi akaja tena, anatabasamu, na njugu hizi. Shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, anafika kesho na treni kuliona kaburi. Ni mwalimu wa shule. "Nimemwambia sitamsomea," akasema, "atajisomea mwenyewe jina ya ndugu yake." Alikuwa anaelekea sokoni kununua sukari ya kumpokea. Shilingi ya sukari ilikuwa kwenye lile lile pindo la leso.

Hakujua ananichoma. Nilipokea njugu na nikasema asante.

Alipoondoka nilichukua brashi ndogo na kikopo cha rangi nyeupe, nikaweka kipande changu cha utambulisho mfukoni, maana siku hizi za hali ya hatari hata kwa wafu huendi bila karatasi, nikashika njia ya makaburini. Nia yangu ilikuwa kuzitia zile koma na kurudi kabla hajaniona mtu. Sikuwa nimekwenda kuungama. Nilikwenda kuficha.

Nikakuta amepigilia bati juu ya msalaba. Debe la mafuta lililokunjuliwa, limekatwa kwa uangalifu, limeinamishwa mbele mvua isiziguse herufi. Chini yake ONGANGO imekaa kavu, inang'aa kama siku niliyoiandika. Nikapiga magoti kwenye majani yenye maji, nikafungua kikopo.

Koma ya kwanza iliingia vizuri, kwa sababu ubavu wa A umeinama na unaacha nafasi juu. Ya pili haikuwa na pa kukaa. G na O nilikuwa nimezibananisha, nikijivunia mpangilio wangu. Nikaipenyeza imepinda. Mtu yeyote anayejua kusoma ataona kwamba iliongezwa baadaye.

Njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa amerudi kwanza landi kuchukua ufagio, akapitia pale kabla ya kwenda sokoni, ili afagie kaburi.

Nilikuwa na uongo tayari: naongeza rangi, mama, mvua ni nyingi. Ulikuwa mdomoni. Lakini yeye aliinama, akatazama, kisha akanyoosha kidole kwenye koma ya kwanza, halafu ya pili.

"Hizi mbili hazikuwako jana."

Hajui kusoma. Lakini amekuja hapo kila siku, na analijua lile jina kama mtu anavyojua mlango wake. Akaniambia amekuwa akilichora kwenye majivu jikoni, herufi moja moja, kumfundisha binti yake Awuor jina la baba yake.

Basi nikasema. Nilisema vibaya, maneno yakigongana. Kwamba hizo ndizo zinazoifanya ile sauti, ng'a, ng'o. Kwamba niliziacha ili hesabu ifike shilingi tatu. Kwamba aliponiuliza kama yote imeingia, nilijua.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akauliza kwa upole, kama anayetaka tu kujua njia:

"Na bila hizo, ulikuwa umeandika nani?"

 

Nikamwambia nitaandika na Yohana pia, bure, na nitarudia ubao wote upya. Akatikisa kichwa. Akafungua pindo la leso, akatoa ile shilingi ya sukari. Alama mbili, akasema, sumni na sumni, si ndiyo sheria yako? Nikakataa. Nikarudi nyuma, nikaficha mikono kama mtoto. Akaiweka juu ya kifuniko cha kikopo changu, kwenye rangi mbichi.

"Jina ya bwana yangu haitakaa hapa na deni ya mtu," akasema. Akachukua ufagio, akaanza kufagia, na mimi nikawa sipo.

Nimejaribu kuifuta hii shilingi kwa mafuta ya taa. Upande mmoja umetoka. Mwingine rangi imeingia kwenye michoro na haitaki kutoka.

Nimeamua mambo mawili tu, mengine nimeshindwa. Kuanzia Jumatatu jina la marehemu kwangu ni bei moja, liwe fupi au refu, na koma zake zote. Na kesho, kabla treni haijafika, nitapeleka sukari landi, ratili mbili, na kama mwalimu atataka kuniuliza kuhusu ile koma iliyopinda, nitasimama hapo nijibu.

Lakini namjua Mama Awuor sasa. Ataipokea sukari, ataipima kwa mkono, kisha ataniuliza ni bei gani.