Chupa Iliyofunikwa Ogembo

Kebirigo, Nyamira

Mdogo wangu mpendwa Wakio,

Nakusalimu kutoka huku ambako mvua ya alasiri haikosi siku. Goti lako linaendeleaje? Ukungu wa Wundanyi bado hushuka mpaka mlangoni? Mimi ni mzima. Meno tu ndiyo yananiaga moja moja. Leo nina habari njema, nayo ni ya chupa. Usicheke.

Unajua tangu nistaafu kuchora ramani za mashamba, kalamu yangu ilikuwa imelala. Basi akina mama wa kikundi kimoja hapa, wanaotengeneza juisi ya ndizi, wakaniita. Mmoja wao, Kerubo, binti wa mchonga mawe, alikuwa amebuni chupa: ubavuni vidole vya ndizi vimeshikamana kama chane, vikijipinda kidogo kuelekea shingoni. Ni chupa nzuri, Wakio. Mkono huitaka kabla ya kiu. Mafundi wa plastiki wakawatolea sampuli tatu.

Nairobi kuna ofisi inayosajili sura za bidhaa ili mwingine asiige. Nilisoma masharti yake mara mbili. Usajili huo haulindi utamu wa juisi, wala shingo ya kufungia kifuniko, ambayo ni ya kila chupa. Hulinda pambo tu, nalo liwe jipya, halijaonekana hadharani. Nikaichora pande zote, juu na chini. Shingo nikaichora kwa mistari ya vipande vipande kuonyesha kwamba hatuidai. Nikawaonya akina mama: mpaka karatasi zipokelewe, chupa isitoke nyumbani.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wao, Mama Nyaboke, akatembelewa na mkwe wake, Nyanya Kemunto, aliyemzaa mume wa bintiye. Mgeni huku haondoki mikono mitupu, sembuse mkwe. Ndizi anazo kwake tele. Mama Nyaboke akampa chupa, imejaa juisi.

Sasa, Nyanya Kemunto ana duka Ogembo, mahali ambapo magari ya soda hushusha kreti kila siku. Kerubo aliposikia, aliketi chini kwenye majani ya migomba. Mwenyekiti mwenyewe hakuweza kwenda, kwa maana mkwe hadaiwi alichopewa. Wengine nao, kumbe kila mmoja ana mtu Ogembo wa kumwonea haya. Wakanigeukia mimi.

"Mzee, wewe huna ukoo hapa," Mama Nyaboke akasema. "Aibu itakushika wapi?"

Miaka arobaini na mmoja, Wakio, na mke niliyekuja naye kutoka kwetu nimemzika hapa hapa. Nikaenda hivyo hivyo.

Nilimkuta Nyanya Kemunto ndiyo kwanza anaipangusa chupa aiweke kauntani. Nikamweleza kwa urefu mambo ya sura na usajili. Alisikiliza huku akipangusa, kisha akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia Taita.

"Kwa hiyo wamemtafuta asiye na mkwe." Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Zawadi hairudi, mzee. Lakini nitaifunika. Nimefunika makubwa kuliko chupa."

Akaifunga kwa leso, akaitia sandukuni, akageuza ufunguo.

Jumatatu mimi na Kerubo tukapeleka karatasi Nairobi, zikapokelewa. Miezi ikapita. Juzi cheti kimekuja, na penye jina la mbunifu limeandikwa jina lake kamili. Baba yake alichonga maisha yake yote, na hakuna jiwe lenye jina lake. Kerubo alilisoma kwa sauti, halafu akanipa mimi nisome, alisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kesho yake nikaenda Ogembo kumpa Nyanya Kemunto ruhusa. Chupa ikatoka sandukuni, ikasimama kauntani, majirani wakaitwa. Mmoja akauliza huyu mzee ni nani.

"Ni mkwe wetu wa Kebirigo," akajibu, kisha akanigeukia. "Umesikia? Siku nyingine watafute mwingine wa kumtuma."

Nisalimie shemeji fundi cherehani, mwanao mkubwa anayefundisha Voi, na shangazi yetu aliyebaki peke yake kule mlimani. Chupa moja inakuja kwa basi. Iweke dirishani, kila apitaye aione.

Kaka yako, na sasa mkwe wa watu,

Mwadime