Kamba ya Gazi na Mukono wa Mama Mukwe

Kalemie, kartye Kataki
Tarehe 20 Agosti 1985

Mupendwa yaya Isidore, kaka yangu mukubwa,

Kaa kwanza kwenye kiti, maana barua hii inatoka mukononi mwa fundi wa pikipiki ambaye toka Moba mpaka Uvira hajapata mwenzake. Hata wale walioziunda hizo pikipiki, wangeniona nikisikiliza injini moja tu, wangeniomba niwafundishe. Sijisifu. Ninakupa habari ilivyo.

Baada ya hiyo, nakusalimu sana. Hali yako? Kifua kilichokusumbua mwezi wa sita kimekuacha? Wanasema baridi ya Lubumbashi inaingia mpaka ndani ya ugali. Vaa ile triko aliyokufumia mama, hata kama ina mukono mumoja murefu kuliko mwingine. Sisi tuko wazima. Mama ni muzima, dada yetu Viviane ni muzima, na mudomo wake pia. Ziwa liko pale pale ulipoliacha.

Kuhusu Bertille wako, usitetemeke. Ndoa haijakufa. Imesimama tu, kama pikipiki iliyotolewa vitesi: injini inanguruma, yenyewe haiendi. Papa Adalbert, baba yake, amesema siku ya ndoa haitapata tarehe mpaka apate neno lako. Sababu nitakueleza, lakini lazima nianze na pikipiki, ile uliyoniachia nitunze.

Toka Pasaka ilikuwa na tabia mbaya. Ukitoka vitesi ya kwanza kuingia ya pili, inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mukia. Viviane alipanda siku moja, akashuka njiani akasema, "Afazali nitembee, meno yangu bado ninayapenda." Vijana wa mutaani wakasema ndani kumekatika chuma. Mimi nikakaa chini nikafikiri, kazi ambayo wao hawaijui.

Nikaanza na ambreyaje, mukono ule wa kushoto unaovutwa ili injini iachie vitesi. Ulikuwa umelegea. Hata ukiuvuta mpaka mwisho, injini ilikuwa haiachii vizuri, njo maana vitesi ziliingia kwa ugomvi. Nikakaza. Nikakaza sana, maana mimi sifanyi kazi nusu. Siku ya pili yake injini ikawa inalia kama gari moshi, na pikipiki inatembea mwendo wa bata. Ng'ombe wa Pepa angenipita, tena bila haraka. Kumbe ambreyaje ikikazwa mno haishiki tena, inateleza. Nikalegeza, nikaacha nafasi ndogo, unene wa sarafu, kabla mukono haujaanza kuvuta. Vitesi zikaingia kama kisu ndani ya papai.

Ikabaki gazi. Ule mukono wa kulia unaozungushwa kuipa injini mbio, ukiuachia, ulikuwa haurudi haraka. Kwa hiyo unabadilisha vitesi huku injini bado inakimbia, na ukiachia ambreyaje unarushwa. Nikafungua. Kamba yake ilikuwa imechakaa, nyuzi zimesimama kama nywele za muntu aliyeamka sasa hivi. Sokoni hapana kamba. Nikachukua ya breki, kwenye baisikeli ya babu, ile inayolala nyuma ya nyumba toka uhuru. Nikaikata, nikaipaka mawese, nikaifunga. Mukono ukawa unarudi wenyewe kama mutoto aliyeitwa kula. Nilizunguka mutaa wetu, kartye nzima, na wasichana walitoka milangoni. Ulizia.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Papa Adalbert alikuwa anarudi na boti kutoka Moba, alikokwenda kuwaeleza wakubwa wa ukoo wake habari ya ndoa yako. Walikubali wote. Mama akanituma bandarini nimupokee na pikipiki, ili ajue mukwe wake ni muntu mwenye kitu. Ilikuwa saa za salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Kartye nzima iko barabarani na majembe na fagio, wanasafisha mifereji. Maana yake nilikuwa na watazamaji.

Papa Adalbert akapanda nyuma, amevaa suti yake ya abakosi ya kijivu, sanduku mapajani. Vitesi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nikamuuliza, "Papa, unasikia inavyoingia?"

"Ninasikia, mukwe. Tazama mbele."

Mbele, karibu na nyumba yao, alikuwa mama Émérence, muke wake, anafagia mufereji. Na unajua kwetu: mudogo wa bwana arusi naye ni mukwe. Mama mukwe hanitazami, mimi simutazami, hanisemeshi, simusemeshi. Tukikutana njiani, mumoja anaacha njia. Basi aliponiona akatupa fagio, akakimbilia upande wa kulia, kwa heshima. Na mimi, kwa heshima, nikakata gido, ule usukani, kwenda kushoto.

Hapo injini ikapiga kelele, pikipiki ikaruka. Papa Adalbert akabaki nyuma, ameketi barabarani, sanduku bado mapajani. Nikashituka, nikakata kulia. Kulia ikatulia kabisa, lakini kulia njo kulikuwa mama mukwe. Yeye kuniona ninakuja, akavuka kwenda kushoto. Mimi mbele yangu nikaona mufereji umejaa watu wa salongo. Nikakata kushoto. Ikaruka tena.

Ikawa hivyo, yaya. Yeye ananikimbia kwa heshima, mimi ninamufuata na vitesi ya pili.

Kwa sababu hawezi kunisemesha, akapaza sauti kwa bwana yake. "Adalbert, mwambie mukwe wako aende upande wake."

Papa Adalbert, pale chini alipokaa, akasema, "Mukwe, mama anasema uende upande wako."

"Papa, mwambie mama upande wangu unavuta gazi."

Akamwambia. Watu walikuwa wameegemea majembe. Muzee mumoja alisema salongo ya namna hii afazali iwe kila siku.

Mwisho mama akaingia kwao, na pikipiki nayo ikaingia kwao. Ikapiga kitanda cha kuanikia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ikazimika. Ndagala wakanyesha. Mama Émérence aliteleza juu yao, mimi nikaanguka pembeni yake, na katika kuanguka nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Ulikuwa mukono wake. Mukono wa mama mukwe, muchana, mbele ya kartye.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa suruali ya Papa Adalbert, kwa nyuma.

Nyumbani nikaisimamisha pikipiki, nikaiwasha, sikupanda. Nikazungusha gido kulia: kimya. Kushoto: injini ikalia yenyewe, bila mukono wa muntu. Njo hapo nikaelewa. Ile kamba ya babu ilikuwa fupi, na nilikuwa nimeipitisha upande mubaya wa shingo ya pikipiki, kwa hiyo kila ukikata kushoto inavutwa, na gazi inafunguka. Nikaitoa, nikaipitisha upande mwingine, ikapata kulegea. Sasa zungusha unavyotaka, inanguruma kama paka. Jifunze hiyo bure: ukibadilisha kamba, kwanza zungusha gido ukiwa umesimama chini.

Na ile aibu ya mukono tumeiosha. Mama yetu alipeleka mbuzi kwao kama inavyotakiwa, na mama Émérence amepokea, amesema kwa mudomo wa shangazi yake kwamba yameisha. Bertille amemwambia Viviane kwamba alikwenda jikoni akacheka mpaka akakaa chini.

Salamu kwa yaya Christiane na bwana yake Évariste wanaokulaza, na watoto wao wote, hata yule anayeuma watu. Mama anakusalimu, Viviane anakusalimu na anaomba kitambaa. Mungu akupe usingizi wa kutosha, na mukubwa wa kazi asiye na kelele.

Nilitaka kufungia hapa. Lakini mama ameketi mbele yangu, ameshika stempu, na anasema haitoki mukononi mwake mpaka niandike lile lingine, na Viviane amusomee.

Basi ni hivi. Papa Adalbert aliponyanyuka barabarani alikuja mpaka kwenye ndagala, akauliza taratibu, "Nani alifunga hii kamba?" Kartye nzima walikuwa mulangoni, Bertille pia. Wote wananijua mimi ni fundi. Nikasema ni wewe, yaya. Nikasema uliifunga kwa mikono yako kabla ya kupanda treni, na mimi nilikukataza.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba muntu anayeona kamba fupi, akaifunga hivyo hivyo, akamuachia mutoto apande, yeye hawezi kumupa muntu huyo binti yake mpaka amusikie anajitetea namna gani. Mbuzi aliosha mukono, hilo hakuliosha. Kesho mama ananipeleka kwake, kwa miguu, nikaseme mbele ya wale wale waliokuwa mulangoni. Wewe pia mwandikie. Pikipiki haikuharibika, wala mama mukwe. Kilichoharibika ni jina lako, na aliyeliharibu ni mimi.

Mudogo wako anayekupenda, hata ukikasirika,
Floribert