Kitambaa Mlangoni

Jumatatu, 8 Aprili

Siku ya tatu bila umeme. Mto umepanda hadi soko la chini, daraja limefungwa. Mdogo wangu wa kike yuko ng'ambo, peke yake, miaka sabini na moja, kifua kibovu. Tulizungumza mara ya mwisho Ijumaa. Leo nimempigia mara kumi na tisa. Yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kwa adabu ileile: mteja hapatikani. Mteja! Tulivuka mpaka pamoja miaka thelathini na minane iliyopita, tumeshikana mikono, hatuna mwingine aliyebaki, na huyu anamwita mteja.

Jioni, kikao cha wapangaji kwenye ngazi. Fundi cherehani wa mlango wa pili amechana shuka jeupe, kila mlango kipande kimoja. Asubuhi unakitundika kwenye kitasa: mzima. Jioni unakitoa. Ikifika saa tatu asubuhi na mlango ni mtupu, watu wanagonga. Niliwahi kuishi kwa utaratibu kama huu, kambini, mahema mia nne. Sikusema. Wangenipa uenyekiti.

Jumanne, 9 Aprili

Nilichelewa kuamka. Saa tatu na dakika nne — ngo, ngo, ngo! "Babu Kamusi! Uko hai?" Fundi cherehani, na nyuma yake fundi bomba kashika nyundo, tayari kuvunja kitasa. Nikawaambia wasiingie, sijavaa. "Basi yuko hai," akasema fundi bomba, "maiti haoni haya." Wakacheka mpaka chini.

Miaka ishirini na sita nilisahihisha vitabu vya watu pale kiwanda cha uchapaji, sikuachia nukta ikae pasipo pake. Leo nahesabiwa kama kuku.

Simu: mara kumi na mbili. Hapatikani.

Jumatano, 10 Aprili

Humu ndani mtandao unashika mahali pamoja tu — juu ya kabati la vitabu, karibu na dirisha. Simu, ninayoichaji kwa jenereta ya pampu ya maji huko chini, inakaa huko. Napanda stuli, natazama, nashuka. Magoti yanalia kama bawaba.

Fundi cherehani kaja na daftari. Anataka namba ya ndugu wa kila mpangaji, na kila mpangaji awatumie ndugu zake namba ya fundi, ujumbe ufike siku utakapofika. Simu moja ikinyamaza, nyingine ijibu. Nikamwambia mdogo wangu si mtu wa kuandikwa kwenye daftari la ngazini.

"Mzee wangu, sikuja kumposa. Nataka kujua tu likitokea la kutokea nimwambie nani."

Nikamjibu kwamba anayenitaka anajua pa kunipata. Akafunga daftari, akanitakia siku njema. Alikuwa na haki ya kukasirika, hakukasirika. Hilo limeniudhi kuliko nyundo.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimepata dawa ya kitambaa: sikitoi. Nilikitundika jana asubuhi, kikalala nje, kimeamka nje. Leo nimelala hadi saa nne na hakuna aliyegonga. Raha!

Raha ya nini lakini. Redio ya fundi bomba inasema watu wa ng'ambo wamehamishiwa shuleni. Majina hayakusomwa. Mwaka ule tulipokimbia, redio ilisoma majina kila jioni, nami nikayachukia yanavyosomwa. Sasa nachukia kwamba hayasomwi.

Simu: mara nane. Nimechoka kupanda stuli.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nimelala sakafuni. Herufi zimepinda, kiwandani ningezirudisha kwa mwandishi.

Saa nne simu ililia kidogo huko juu — ujumbe. Nikarukia stuli. Na soksi! Mtu mwenye akili zake, na soksi! Nilishika rafu, rafu ikanimwagia vitabu, na daftari hili humo humo, penseli ndani yake. Nyonga ya kushoto haitaki hata kufikiriwa. Nimejaribu kujikokota: nimesogea vigae viwili, nikaona giza.

Nimeita. Lakini jenereta ya pampu ya maji inanguruma chini ya dirisha, sauti haikufika hata jikoni.

Saa sita hivi fundi cherehani alipita mlangoni. Alikuwa akimwambia mtu, akipaza sauti kushindana na jenereta, nikamsikia vizuri: Babu Kamusi mzima, kitambaa chake hicho hapo, siku hizi anatuwahi wote. Anatuwahi! Nikapiga sakafu kwa juzuu nene kuliko zote. Akaenda zake.

Kiu.

Saa kumi na moja kasoro. Simu inaita! Mlio ule niliomwekea yeye peke yake. Siku nane! Yuko hai — yuko hai, na mkono wangu unaishia rafu ya pili.

Imekatika.

Hana namba nyingine ya kupiga. Nilihakikisha hilo mwenyewe, kwa Kiswahili fasaha. Sasa ni zamu yake kukaa ng'ambo na kumsikiliza mwanamke wa adabu. Na ule moyo wake mwepesi wa kushtuka, na kile kifua.

Inaita tena. Imekatika.

Jenereta imezimwa. Kimya, masikio yanavuma. Nimeita, sauti iliyotoka ni ya mbu. Viatu vinapanda ngazi, ninavijua, kisigino kimoja kimelika: fundi cherehani. Atatazama kitasa, ataona kitambaa, atapita.

Simu inaita. Mara ya tatu. Ita, mdogo wangu. Usichoke, ita, yuko mlangoni hapa —

Viatu vimesimama.