Cheti cha Dawa Ndani ya Biblia

Wewe, acha unachofanya usome hii. Nimeumbuka leo mpaka masikio yanawaka.

Kwenye maombi ya vijana nilisimama nikalia kweli, nikasema mama presha imempanda, Mungu amguse. Nikafungua Biblia nisome zaburi, cheti chake cha dawa kikaangukia miguuni pa yule dada nesi wa kanisani kwetu.

Akakisoma. "Mdogo wangu, hiki cha wiki mbili zilizopita. Dawa ulichukua?"

Wiki mbili! Mama kila akiniuliza namwambia kesho. Nikajitia utani: "Dada, nilikiweka karibu na Neno."

Hakucheka mtu. Nesi akasema, "Mungu alishakujibu, mpaka dozi imeandikwa. Nenda!"

Sasa niko foleni ya dawa, watu sita mbele yangu. Nimempigia mama mara tatu, hapokei.