Watoto Waliotegeshwa

Mpendwa binti yangu Rhobi,

Habari za huko chuoni, mama? Sisi huku Matongo tu wazima, ukiondoa hasira. Simu yangu hupokei tangu siku ile tulipokosana, na ujumbe nikikutumia naona umesomwa, halafu kimya. Basi nimeamua kukuandikia barua, tena ya wazi, kwa sababu jambo lenyewe si la nyumba yetu peke yake. Jumatatu utasimama mbele ya walimu wako kuutetea utafiti wako. Nakuomba usisimame. Ninajua uzito wa ninachokuomba, kwa hiyo isome barua yote kabla hujanuna.

Unakumbuka nilivyokuwa nakubeba kwenda nami chuo cha ualimu, Tarime, shule yako ikifungwa? Ulikuwa unakaa nyuma ya darasa na biskuti zako, wanachuo wangu wakifanya mazoezi ya kufundisha hisabati. Kwa kuwa mtoto halisi mle ndani ulikuwa wewe tu, kila mmoja alitaka kukufundisha wewe. Kuna kijana mmoja alikueleza sehemu, nusu na robo, akachora na chapati ubaoni, kisha akakuuliza, "Umeelewa?" Ukasema, "Hapana." Akarudia. "Hapana." Akarudia tena, shati limelowa jasho, wenzake wanacheka mpaka wanagonga madawati. Jioni njiani ukaniuliza, "Mama, ningesema nimeelewa, angefurahi?" Nikakujibu kwamba angefurahi sana, halafu angekwenda kuharibu watoto wa watu kwa miaka yote ya kazi yake.

Mtoto yule ndiye ninayemtafuta leo, na hapokei simu.

Neno lililotuponza ni moja tu: kupima. Nilikuambia siku uliponionyesha karatasi zako, nikasema, Rhobi, hilo neno hapa lina mwenyewe. Ukasema chuo kimeshaidhinisha maandishi hayo, huwezi kubadilisha hata nukta. Na mimi nikaacha, nikijua watu wako wakubwa huko wanajua kazi yao. Ila hapa, karibu na mashimo ya dhahabu, mtu akisema amekuja kupima, hakuna anayewaza hospitali. Wanawaza watu wa kamba na vigingi, wanaothamini mashamba ili wenyewe walipwe fidia wahame kupisha mgodi. Na watu wakisikia wapimaji wanakuja, wanategesha: wanachomeka mihogo palipokuwa na majani matupu, wanasimamisha kibanda cha mabati kisicho na hata kitanda, ili thamani ipande. Wewe mwenyewe umecheza kombolela ndani ya vibanda hivyo.

Naikumbuka siku ya mkutano kana kwamba ni jana. Ulisimama na koti lako jeupe, mimi nimekaa pembeni najivuna kama kuku mwenye vifaranga. Ukasalimia wazee shikamoo vizuri, ukaeleza kwamba umetumwa na chuo kikuu, "tumekuja kupima watoto." Mzee mmoja akanyanyuka akiegemea fimbo. "Mimi nauliza tu, mwanangu. Mnapima mtoto, au mnapima na nyumba?" Watu wakacheka. Wewe ukacheka pia. Mimi sikucheka, maana nilimwona mzee mwenyewe hakuwa anatania.

Kisha ikaja ndoo. Ulieleza kwa uvumilivu kwamba huwezi kuchukua nyumba zote zinazochoma dhahabu jikoni ili zebaki itoke kwa moshi, kwa hiyo utachagua kwa bahati nasibu, asiwepo wa kusema umependelea. Hesabu safi, nilikufundisha mwenyewe. Majina yakatumbukizwa kwenye ndoo. Jina likitoka, kina mama wa nyumba hiyo wanapiga vigelegele. Waliokosa wakaanza kunung'unika, mmoja akapaza sauti, "Kwa nini nyumba yake na si yangu? Nani amekula?" Mwenyekiti wa kijiji akafunga mkutano kabla fimbo hazijanyanyuka. Usiku ule ulikula kidogo, ukaniuliza, "Mama, wanagombania kukojoa kwenye kikopo?" Tukacheka sote mpaka machozi. Rhobi, tulicheka mahali pa kuogopa.

Nadhani sasa umeshaanza kuona ninakoelekea. Mwezi uliopita Mama Ghati, jirani yetu, alinikuta naanika mahindi. Akanisaidia kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii kupima ya mtoto wako, fidia inatoka lini?" Nikamwambia hakuna fidia, ilikuwa ni afya tu. Akatabasamu kama mtu anayejua mengi. "Sawa, mnaficha. Ila na wale wa dada yangu niliowaleta kutoka Manchira, majina yao yamo, eeh? Maana nilisumbuka na nauli."

Nilikaa chini palepale juu ya mahindi.

Hakuwa peke yake. Nilipita nyumba kwa nyumba kama ninayesalimia tu. Uvumi ulikuwa kwamba kila mtoto aliyepimwa ana fungu lake. Ilikuwa likizo, na nyumba zilizotoka kwenye ndoo zikaagiza watoto kwa dada, kwa shangazi, kwa mjomba, bodaboda zikawaleta wakining'inia. Walitegesha watoto, Rhobi. Ungewajuaje? Watoto wa hapa wamezaliwa wewe uko bweni, na mimi siku zile za kupima nilikuwa Tarime kazini. Walikuja wakapanga foleni mlangoni, wakakojoa kwenye vikopo vyako, wakakatwa nywele chache za kisogoni, wakarudi kwao kunywa maji ya bwawa la Manchira. Sikulaumu hata chembe kwa hilo. Nilikwambia hivyo hivyo kwenye simu.

Nawe ukanijibu, "Mama, kila utafiti una kasoro zake."

Nikasema hii si kasoro. Ulitaka kujua kama mtoto anayekaa kwenye nyumba inayochoma dhahabu ana zebaki nyingi mwilini kuliko mtoto wa kwingine, na hao wa kwingine ulikwenda kuwachukua Manchira, kusikochomwa dhahabu. Sasa kwenye kundi la Matongo wamo wa Manchira pia, wengi tu. Ukimimina maji kwenye chungu cha maziwa, wastani wake si maziwa tena. Umekuja na jibu kwamba tofauti ni ndogo, na lazima iwe ndogo, kwa sababu kwa sehemu umewalinganisha watoto wa Manchira na watoto wa Manchira. Ukasema, "Mama, nimeshakabidhi. Muda umekwisha. Usiniharibie." Ukakata.

Niliumia. Siwezi kukuficha. Niliumia kwa neno lile kuliko wakati wowote tangu baba yako afariki, maana sijawahi kutaka kitu duniani kama kukuona umevaa joho. Nimekaa na wewe mezani tukikokotoa zile hesabu zako mpaka kalamu ikaisha wino, nikajifunza na majina ya magonjwa uzeeni. Mwanangu, mimi siyo adui wa joho lako. Lakini mficha uchi hazai, na hili la kwako limekaa uchi mbele ya kijiji kizima. Kila mtu hapa anajua watoto walikuwa wa nani, isipokuwa walimu wako.

Na laiti lingekuwa la joho tu, ningenyamaza. Kuna Ghati mwenyewe. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, hakuletwa na bodaboda. Huja kwangu mwishoni mwa wiki nimsaidie hesabu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri wa kujivunia. Sasa akishika penseli mkono unatetemeka, namba saba inakuwa kama nyasi kwenye upepo. Amekuwa na hasira za ghafla, na usingizi hapati. Wewe ndiye uliyenifundisha dalili hizo. Mimi si daktari, sisemi ni zebaki. Nasema hatujui, na wewe umetuma ujumbe kwa mwenyekiti kwamba tunajua.

Ule ujumbe wako alisomewa kila mtu. "Matokeo ya awali yanaonyesha hakuna tofauti kubwa." Kwa Kiswahili cha chuo ni sentensi ya upole. Kwa Kiswahili cha hapa maana yake ni endeleeni.

Nilimfuata Mama Ghati jikoni kwake juzi mchana. Donge la dhahabu na zebaki liko kwenye kipande cha bati, juu ya jiko lile lile la ugali, Ghati amechutama karibu anapepea mkaa. Nikamwambia, tafadhali, hamishia jiko hilo nje, na mtoto asikae hapo, na mpelekeni hospitali. Hakunikasirikia. Alinionea huruma.

"Mwalimu, wewe unafundisha hesabu," aliniambia. "Daktari ni mtoto wako, na amesema watoto wetu wako salama. Sasa mimi nimwamini nani, wewe au yeye?"

Nilirudi nyumbani nikakuandikia.

Nenda kwa msimamizi wako kabla ya Jumatatu. Mwambie watoto walitegeshwa, mweleze neno hilo lina maana gani, maana huko hawalijui. Wakikurudisha mwaka, rudi nyumbani tuanze upya, safari hii mimi ndiye nitakayesimama kwenye mkutano na kuchagua maneno. Mama Ghati amekubali kunitajia waliokuwa wake na waliokuwa wa kuazima. Wengine nao watasema, mradi wasikie kwako mwenyewe kwamba fidia haipo. Watakutukana kidogo. Utaishi.

Kama hutaki kurudi, basi pokea simu, useme neno moja kwa Mama Ghati: hatujui. Si kwangu.

Ni saa za mchana. Kutoka dirishani hapa nauona mlango wa jiko lake, moshi unatoka, na Ghati anaitwa akapepee. Mama yake anakuamini, Rhobi.

Mama yako akupendaye,
Mwalimu Bhoke