Namba ya Nyumba Yetu ya Kamenge

Mume wangu mpendwa,

Ulikuwa na tabia ya kunifundisha kazi yako wakati mikono yangu imejaa. Mimi nachambua maharage, wewe unapanga punje za mahindi mezani na kunieleza jinsi mtambo wa simu wa kampuni unavyogeuza namba. "Mashine haijue mutu," ulisema. "Inaangalia namba ya mbele, inaikata, inaweka ingine, inapeleka." Nikakuambia basi ni sawa na wifi yangu, unamtuma kwa huyu anapeleka kwa yule. Ulicheka mpaka maharage yakamwagika.

Nyumba za wafanyakazi kule Kamenge zilipochomwa wakati wa vita, yetu ikiwemo, hukulia. Ulikwenda moja kwa moja kwenye mtambo pale ghalani tulikofanya kazi, Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ukaandika amri moja: namba yoyote inayoanza na nne, ikatwe nne, iwekwe mbili. Nyumba yetu ilikuwa 430. Meza yangu ya kupokea simu ni 230. "Mutu akipiga ku nyumba, atakupata weye," ulisema. "Kioo cha simu kitakuonyesha ile namba alipiga." Kisha ukarudi Kamenge kumtafuta mama yako. Hamkurudi, wewe wala yeye.

Miezi ilipita. Asubuhi moja, nikiwa mezani pangu, nikajikuta nimepiga 430. Ile amri nilikuwa nimeisahau, au labda sikutaka kuikumbuka. Nilitegemea kimya. Badala yake nikasikia mlio wa simu inayotumika. Nyumba haina paa, nguzo ya waya imelala chini, na ndani kuna mtu anaongea. Nikawa napiga kila asubuhi, na kila asubuhi ulikuwa unaongea. Nilishikwa hata na wivu. Anaongea na mwanamke gani huyu? Nikaanza kufunga nguo zangu nikufuate Kamenge, na barabara ile siku hizo watu walikuwa hawaipiti.

Fundi mpya, Mkongomani mpole, ndiye aliyenizuia. "Mama, ni weye mwenyewe," aliniambia. "Unaita ku nyumba, mashine inakurudisha ku meza yako, inakuta weye uko unatumia simu. Kule hakuna mutu. Niifute ile amri?"

"Apana," nilimjibu. "Uiache."

Kumbe mwanamke niliyemwonea wivu ni mimi. Nilicheka kidogo, halafu nikalia mpaka fundi akaondoka bila kuaga.

Jana mkuu wa ghala aliniita ofisini kwake, upande wa pili wa uwanja, akatoka kidogo kuongea na dereva. Nikachukua simu yake nikapiga nyumbani. Safari hii mezani pangu hapakuwa na mtu, chumba nilikifunga mwenyewe na ufunguo ulikuwa mkononi. Simu yangu ilipaswa kuita tu. Nikasikia mlio wa simu inayotumika.

Niliirudisha simu ya mkuu mahali pake, nikavuka uwanja mbio. Nilipofika mlangoni niliisikia inaita humo ndani, nikafungua. Kwenye kioo ilikuwa imeandikwa 430: mtu amepiga nyumbani kwetu. Nikainua, nikasema allo. Kulikuwa na upepo tu, upepo wa mahali pa wazi, kisha ikakatika.

Namba zile huwezi kuzipiga ukiwa nje ya kampuni. Zinapigwa kutoka hapa ghalani, kutoka bohari ya bandarini na kutoka zile nyumba za Kamenge. Hapa ghalani simu ni mbili tu, ya mkuu na yangu. Jioni nikamuuliza mlinzi wa bandarini nani alikuwa boharini. "Hakuna mutu, mama," alinijibu. "Tulifunga tangu asubuhi."

Naogopa, sikufichi. Hata hivyo leo sijatoka mezani, hata chakula nimeletewa hapa, na 430 siipigi tena nisije nikakuziba njia. Ukipiga, usinyamaze. Kama u hai, niambie uko wapi nije. Na kama hu hai, niambie vilevile.

Mimi mkeo, nakusikiliza.